Fundi akiharibika magoti Ujerumani

Vijana wanaoniandikia kutoka Mombasa, Kisumu na Dar kuhusu kuja kusomea ufundi Ujerumani huuliza mambo yale yale. Posho ya Ausbildung, yaani mafunzo ya ufundi kazini, ni ngapi? Kijerumani kifike kiwango gani? Baridi inavumilika? Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin, tarehe 13 Septemba 2024, jumbe zimezidi. Mpwa wangu wa Kisauni naye yumo: "Mjomba, nichague umeme au vigae?" Lakini swali la mwili ukikataa kazi itakuwaje, hilo haliulizwi. Siwalaumu. Nani mwenye miaka 22 anayewaza magoti yake?

Mimi yangu nayawaza, maana ndiyo yanayonilisha. Natandika vigae katika bonde la Ruhr, na sehemu kubwa ya kazi yetu hufanywa chini. Unaingia bafuni asubuhi, chumba ambacho watu wawili hawapishani, unapaka gundi kwa mwiko wenye meno, unalaza kigae, unakigonga kwa nyundo ya mpira, unatazama pimamaji, unarudi nyuma kwa magoti. Hivyo hivyo mpaka mlangoni. Pedi tunavaa, lakini pedi huokoa ngozi tu. Kiungo chenyewe kilichokunjwa chini ya uzito wa mtu mzima hakipati nafuu yoyote. Baada ya miaka kadhaa goti linaanza kulia ukipanda ngazi. Kisha linajaa maji, daktari anayavuta kwa sindano, na wiki inayofuata uko chini tena kwa sababu mwenye nyumba anataka kuhamia.

Kampuni ya kwanza niliyofanyia kazi hapa ilikuwa na Wajerumani wawili ambao ndio walionifundisha kazi hasa. Wote wawili walianza ufundi wakiwa vijana wadogo, wote walisomea miaka mitatu na kufaulu mtihani wa fundi kamili, wote hawajawahi kufanya kazi nyingine. Mmoja kazaliwa Oktoba 1960, mwingine Machi 1961. Nitawaita Mkubwa na Mdogo, japo wamepishana miezi mitano. Magoti yao yaliharibika karibu pamoja, wakiwa na miaka hamsini na ushei, na ukiziweka picha zao za eksirei mezani huwezi kujua ipi ya nani. Mkubwa alipata pensheni ya ulemavu. Mdogo alinyimwa.

Hakuna aliyehonga, na hakuna aliyekosea kujaza fomu. Sheria ya pensheni ya Ujerumani ina mstari, na mstari wenyewe ni tarehe ya kuzaliwa: 2 Januari 1961. Aliyezaliwa kabla ya siku hiyo analindwa katika ufundi wake. Aliyezaliwa siku hiyo au baadaye halindwi. Mimi, wewe, mpwa wangu na kila kijana anayepanda ndege Nairobi akiwa na mkataba wa Ausbildung mkononi, sote tuko upande wa Mdogo.

Kuelewa tulifikaje hapo inabidi kurudi nyuma kidogo. Ujerumani ya Bismarck ilipitisha bima ya ajali kazini mwaka 1884, na mwaka 1889 ikapitisha sheria ya pensheni ya ulemavu na uzee. Pensheni ya uzee ilianza ukifika miaka 70, na wafanyakazi wa viwandani waliofika huko walikuwa wachache. Kwa hiyo miaka michache tu baada ya mfuko kuanza, waliokuwa wakilipwa kwa ajili ya ulemavu wakawazidi waliolipwa kwa ajili ya uzee. Mfuko huu ambao leo watu wanauona kama fedha za wazee kwa kweli ulikuwa kwanza mfuko wa watu waliochakazwa na kazi.

Baadaye sheria ikatofautisha mambo mawili: kushindwa kazi yoyote ile, na kushindwa kazi yako. Fundi aliyeshindwa kazi yake alikuwa na haki ya pensheni hata kama bado angeweza kukaa kitini na kupokea simu. Mahakama kuu ya mambo ya jamii, iliyoko Kassel, ikajenga ngazi. Juu kabisa yupo fundi mwenye kusimamia wengine au mwenye ujuzi wa pekee. Chini yake fundi aliyesomea zaidi ya miaka miwili. Chini yake aliyefundishwa kazi kwa muda mfupi. Mwisho kibarua asiyesomea chochote. Ukishindwa kazi yako, ofisi ingeweza kukuambia ufanye kazi ya ngazi moja chini, lakini isikuteremshe mbili. Fundi wa vigae hakuweza kuambiwa, "Nenda ukawe bawabu, ukae kibandani ufungue geti." Na hata hiyo kazi ya ngazi moja chini ilibidi iwe kazi anayoweza kuijua ndani ya miezi mitatu.

Tarehe 1 Januari 2001 ulinzi huo ukafutwa kwa vijana, ukabaki kwa wale waliokwisha kuvuka miaka 40. Ndio maana Mkubwa aliingia. Na hata yeye msidhani alipata mali: pensheni anayopewa mtu wa kundi lake ni nusu tu, maana sheria inamhesabu kama mtu aliyepoteza sehemu ya uwezo wake. Nusu nyingine ajitafutie. Ofisi ilijaribu kumwambia kwamba anaweza kuwa karani wa kupanga mafaili. Mwanasheria wa chama chake cha kutetea haki za jamii akauliza swali moja: mtu ambaye tangu ujana ameshika mwiko, na kompyuta anaifahamu kwa kuiona kwa wajukuu, atakuwa karani ndani ya miezi mitatu? Ofisi ikakubali. Kufikia mwaka 2027 wa mwisho wa kundi hilo watakuwa wamefika umri wa kawaida wa kustaafu, na kifungu chenyewe kitabaki maandishi tu.

Sasa Mdogo. Kabla ya pensheni, Wajerumani wana kanuni kwamba kwanza ujaribiwe kurekebishwa. Akapelekwa kliniki ya mazoezi kwa wiki kadhaa: bwawa la maji ya moto, baiskeli isiyokwenda, mihadhara ya lishe. Siku ya kutoka daktari hujaza ripoti, na ndani ya ripoti kuna ukurasa mmoja wenye visanduku vya kutia alama. Alinionyesha tukiwa kwenye gari la kazi. Mstari wa kwanza: kazi yake ya mwisho, fundi wa vigae. Alama ilikuwa kwenye "chini ya masaa 3". Mstari wa pili: soko la kazi kwa jumla. Alama ilikuwa kwenye "masaa 6 na zaidi".

Ukurasa mmoja, kalamu moja, daktari mmoja. Mstari wa kwanza unasema huyu si fundi tena. Mstari wa pili unasema huyu ni mzima. Na ofisi ya pensheni husoma mstari wa pili.

Kwa waliozaliwa upande wetu wa mstari, kipimo ni saa tu. Ukiweza kufanya kazi chini ya masaa 3 kwa siku, unapata pensheni kamili. Ukiweza masaa 3 lakini usifike 6, unapata nusu. Ukiweza 6, hupati kitu. Kazi gani? Yoyote. Barua ya Mdogo ilisema anaweza kufanya kazi nyepesi, akibadilisha kukaa na kusimama, bila kupiga magoti, bila kuchuchumaa, bila kupanda ngazi za kuegemeza. Ukiuliza ni nani mjini kwetu atakayemwajiri mtu wa miaka 57 kwa kazi hiyo, sheria imeshakujibu ndani ya kifungu chenyewe: kwa mtu anayeweza masaa 6, hali ya soko la kazi haiangaliwi. Si lazima hata wakutajie kazi yenyewe.

Nilikasirika kwa niaba yake kuliko alivyokasirika mwenyewe. Ila nikiri kwamba jambo hili lina upande wa pili, na aliyenionyesha ni mkewe. Yeye amepiga deki maofisini maisha yake yote na magoti yake si bora kuliko ya mumewe. Alisikiliza malalamiko yetu jikoni, akasema, "Magoti yangu mimi hayakuwahi kuwa na cheti." Ni kweli. Katika ile ngazi ya Kassel yeye alikuwa chini kabisa, na mtu wa chini kabisa aliweza kuelekezwa popote, bawabu akiwemo. Ulinzi wa ufundi ulikuwa upendeleo wa waliosoma, na waliosoma kazi hizo wengi wao walikuwa wanaume. Serikali ya 2001 ingeweza kumpandisha mfagizi afikie alipo fundi. Ikamshusha fundi alipo mfagizi, ikaita usawa, na fedha ikaokoka.

Mlango wa pili, ambao ndio uliomsaidia Mdogo, si wa mfuko wa pensheni. Ni bima ya ajali na magonjwa ya kazini, ile ya mwaka 1884, inayoendeshwa na vyama vya bima vya kila sekta. Wajenzi tuko chini ya BG BAU. Michango yake hulipwa na mwajiri peke yake. Kwenye karatasi ya mshahara huioni. Ukianguka jukwaani, au hata ukigongwa na gari ukielekea kazini, wao ndio wanaogharamia matibabu na, ikibidi, pensheni. Kwa magonjwa kuna orodha rasmi, na tangu 2009 goti lililosagika kwa kupiga magoti limo: namba 2112. Sharti lake nimelikariri kama Fatiha. Uwe umefanya kazi ukiwa umepiga magoti, au katika mkao mwingine unaolemea magoti vivyo hivyo, kwa jumla ya masaa 13,000 katika maisha yako ya kazi, na si chini ya saa 1 kwa zamu.

Piga hesabu. Ukipiga magoti masaa matatu na nusu kwa siku, siku 220 kwa mwaka, ni masaa 770. Miaka 17 hivi ndiyo unatimiza. Mdogo alikuwa na zaidi ya mara mbili ya hiyo, lakini kuthibitisha ndiyo kazi. Mkaguzi alikuja na fomu ndefu: mwaka fulani kampuni gani, kuta kiasi gani, sakafu kiasi gani, bafu za nyumba au maduka makubwa? Maana ukutani husimama, sakafuni huchuchumaa, na masaa ya kusimama hayahesabiwi. Waajiri wake wawili wa zamani walishafunga biashara. Kilichomwokoa ni madaftari yake ya kazi, yenye vumbi la saruji, ambayo mkewe alikuwa anataka kuyatupa.

Ugonjwa ukakubaliwa, na upungufu wake wa uwezo wa kufanya kazi ukapimwa asilimia 20. Hicho ndicho kiwango cha chini cha kulipwa. Kwa kawaida ukipata 15 unatoka na barua tu. Pensheni kamili ya bima hii ni theluthi mbili za mapato yako ya mwaka, na wewe unapewa asilimia yako ya hizo. Kwa mtu aliyekuwa akipata euro 36,000 kwa mwaka, theluthi mbili ni 24,000, na asilimia 20 yake ni 4,800: euro 400 kwa mwezi, zisizotozwa kodi ya mapato. Anaweza kuendelea kuzipokea hata akipata kazi nyingine. Si za kuishi, lakini zinalipa umeme na gesi. Na asilimia yenyewe, kama ile ya pensheni, hupimwa kwa soko zima la kazi na si kwa ufundi wako. Kidole gumba kilichokatika kinathaminiwa karibu sawa kwa fundi na kwa mwalimu. Sheria imeacha upenyo wa kuongeza asilimia kwa mtu ambaye ujuzi wake wa pekee umepotea, ila mahakama zimeubana upenyo huo hadi wachache tu hupita.

Mlango wa tatu ni bima binafsi ya kushindwa kazi yako mwenyewe, kwa kawaida inalipa ukishindwa kwa asilimia 50. Serikali ilipofuta ulinzi wa zamani iliwaambia watu waende huko. Lakini kampuni za bima hazina huruma ya kubahatisha: karani analipa kidogo, na wapaua mapaa na wajenzi wa majukwaa wamo kwenye kundi la bei ya juu kabisa. Mwenye kuihitaji zaidi ndiye asiyeimudu. Ukitaka kuijaribu, ijaribu ukiwa mwanafunzi, kabla daktari hajaandika neno lolote kuhusu mgongo wako, kwa sababu watauliza.

Mpwa wangu, basi, hapa ndipo nilipotaka kufika.

Mfuko wa pensheni unataka uwe umechangia miaka 5, na katika hiyo miaka 5 ya mwisho kabla ya kuugua, miezi 36 iwe ya michango ya lazima. Kijana aliyeingia juzi atasema, basi mimi sina kinga. Anayo. Ikiwa ni ajali ya kazini au ugonjwa wa kazini, mchango mmoja tu unaweza kutosha. Na kama ndani ya miaka 6 baada ya kumaliza masomo ukapoteza uwezo kabisa, kwa sababu yoyote ile, hata pikipiki ya Jumapili, inatosha kuwa umechangia mwaka 1 katika miaka 2 iliyotangulia. Hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote ambavyo wanafunzi wa Ausbildung hawaelezwi.

Kila kampuni ina daftari la huduma ya kwanza. Umejikata na kigae, umeteleza ngazini, umeona aibu kwa sababu wenzako wanacheka: andika. Kurasa hizo huhifadhiwa miaka 5. Goti likivimba mwaka wa tatu, ule mstari ndio shahidi wako. Vijana wetu wana tabia ya kuvumilia, wakidhani anayeandika ataonekana mvivu. Wajerumani wenyewe huandika hata mwiba.

Halafu kuna mtego wa kujiajiri. Mwaka 2004 serikali iliondoa sharti la cheti cha umahiri kwa anayefungua kampuni katika fani 53, vigae vikiwemo, na ghafla kila mtu aliyekuwa na mwiko na gari akawa kampuni. Wengi walitoka mashariki ya Ulaya. Sharti lilirudishwa mwaka 2020 kwa fani 12, zetu zikiwemo. Katika miaka hiyo yote mtu wa vigae aliyejiajiri peke yake hakulazimika kuchangia pensheni, na bima ya ajali ilikuwa hiari yake. Kwa mwezi alibaki na fedha nyingi kuliko mimi. Nimewaona baadhi yao sasa: magoti yamekwisha, masaa 13,000 wameyapita zamani, na hakuna wa kumpelekea fomu. Ni jua kali kabisa, ila lenye theluji. Ukiacha kuchangia, ile hesabu ya miezi 36 katika miaka 5 inaanza kukuponyoka. Baada ya miaka miwili hivi umebaki bila kinga, hata kama nyuma ulichangia miaka 20.

Ukinyimwa, usikubali barua ya kwanza. Zaidi ya maombi 4 katika kila 10 hukataliwa, na barua zimeandikwa kwa Kijerumani kinachokufanya ujione mwizi. Una mwezi 1 wa kuweka pingamizi. Pingamizi likishindwa, mahakama ya jamii haitozi ada. Vyama vya kutetea haki za jamii kama VdK na SoVD huwapa wanachama wao wanasheria kwa ada ndogo, nao wanajua visanduku vile kuliko daktari aliyevijaza. Mdogo hakujiunga mapema kwa sababu, alisema, hivyo ni vyama vya wazee.

Na ukifaulu, jua unachokipata. Pensheni hizi mara nyingi hutolewa kwa muda, usiozidi miaka 3 kwa mkupuo, kisha unaomba upya. Hukatwa hadi asilimia 10.8 kwa sababu unaianza kabla ya umri. Wastani wa wanaoanza kulipwa siku hizi ni karibu euro 1,000 kwa mwezi, na hapo kodi ya nyumba haijatoka.

Wengi wetu tunajiambia kwamba mambo yakiharibika tutarudi nyumbani na euro 1,000 zitakuwa mlima Mombasa. Ujerumani haina mkataba wa hifadhi ya jamii na Kenya wala Tanzania, kwa hiyo miaka uliyochangia NSSF haijumlishwi na ya huku. Pensheni yenyewe inaweza kukufuata, na tangu Oktoba 2013 sisi wa nje ya Ulaya hatukatwi tena ile asilimia 30 tuliyokuwa tukikatwa tukihama. Lakini kuna aina moja isiyosafiri. Mtu anayeweza masaa 3 lakini hafiki 6 anastahili nusu. Akikosa kazi ya masaa machache kwa siku, hupewa kamili, kwa hoja kwamba soko la kazi limemfungia mlango. Ile nyongeza imetokana na soko la Ujerumani, na ukihamia Kenya inakatika, unabaki na nusu. Sababu ya kulipwa imeandikwa kwenye barua ya uamuzi, katikati ya kurasa za mahesabu ambazo watu hawazisomi. Tafuta aya hiyo kabla hujamwambia mwenye nyumba kwamba unahama.